Jino la Mvua

Huko Baraka, ng'ambo ya Kongo kando ya ziwa, kwenye mchanga ambako bamama, yaani akina mama, huanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, mvua haikutabiriwa na redio wala na simu. Ilitabiriwa na gego la chini, upande wa kushoto, ndani ya kinywa cha Gloriose Nibizi.

Gego hilo lilikuwa na shimo. Shimo lilianza zamani, Gloriose angali msichana kwao Burundi, likakua naye polepole kama ndugu mdogo asiyependa kuoga. Halikuchukia ugali, wala mfupa wa samaki, wala pilipili. Lilichukia baridi na sukari, basi. Sukari Gloriose aliipenda kuliko alivyolipenda jino, kwa hiyo alijifunza kunywa chai yake kwa upande wa kulia, kichwa kikiwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza habari kutoka chumba cha pili. Baridi ndiyo hakuweza kuikwepa.

Na kabla mvua haijafika Baraka, kuna upepo unaotangulia. Unateremka kutoka milima ya Fizi, mwembamba, bila kutikisa hata jani la muhogo. Watu wengine huutambua wakati mvua imeshawapanda mgongoni. Gloriose alikuwa na mazoea ya kuzungumza tangu asubuhi mpaka ndagala zikauke, hivyo kinywa chake kilikuwa wazi daima, na upepo ukiingia hapo ulikuta jino linamsubiri.

"Aï! Inauma!"

Akisema hivyo, pwani nzima ilikimbia. Bamama walinyakua shitingi, yale maturubai waliyoyakunja pembeni, wakafunika vichanja vya samaki na kuzikandamiza pembe kwa mawe. Halafu waliketi juu ya ndoo, wakaangalia mbingu nyeupe isiyo na wingu, wakangoja. Mvua ilikuja. Ilikuja kila mara.

Jino hilo ndilo lililompatia Gloriose mahali pa kusimama. Alipovuka mpaka pamoja na mumewe Sinzinkayo, kati ya watu waliokimbia, walikaa kwanza kambini, kisha Sinzinkayo akapata shamba la muhogo la kukodi, naye Gloriose akashuka ziwani kutafuta kazi. Lakini mchanga wa Baraka hauonekani kuwa na mipaka hadi uukanyage. Kila mama alikuwa na kiwanja chake cha kuanikia, alichoachiwa na mama yake, naye mama yake na nyanya. Mgeni aliruhusiwa kubeba beseni, basi.

Siku ile ya kwanza Gloriose alishika shavu katikati ya jua kali, akasema mvua inakuja. Ketsia, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kuparua samaki magamba, alicheka mpaka akaegemea kichanja.

"Angalieni mwanamuke wa Burundi! Anatuletea mvua ndani ya mudomo!"

Muda mfupi baadaye ndagala za Ketsia zilikuwa zinaogelea upya.

Mvua zilizofuata hazikumkuta mtu anacheka. Mama Émilienne, prezida wa komite ya waanika samaki, alichukua kijiti, akachora mstari kwenye mchanga kando ya kiwanja chake mwenyewe, akatangaza: "Hapa ni kwa jino." Hakusema ni kwa Gloriose. Kiwanja kilikuwa cha jino. Gloriose aliruhusiwa kulisindikiza.

Jino likaingia katika komite kwa cheo cha konseye, yaani mshauri. Mkutano ulipofunguliwa Mama Émilienne aliita wajumbe mmoja mmoja, na mwishoni aliuliza, "Konseye iko?" Gloriose alifungua kinywa, bamama wa mbele wakachungulia, wakathibitisha kwamba konseye yuko. Bamama wa Mboko, pwani ya jirani, waliwahi kutuma mtu kuomba jino waliazime kwa msimu mmoja. Walijibiwa kwamba konseye hasafiri. Na Gloriose alipodokeza siku moja kwamba huenda angeling'oa, maana kuna usiku lilimnyima usingizi, Mama Émilienne alimwangalia kwa huruma ya kweli.

"Gloriose, dada yangu. Kichwa ni yako. Shavu ni yako. Ile jino ni ya komite."

Ndivyo alivyoishi, miaka ikapita, akanenepa kidogo, akaheshimiwa.

Kisha kiu ikaja. Mwanzoni alidhani ni chumvi ya samaki. Alikunywa kikombe, akanywa kopo, akawa anainua bidoni zima, lile dumu la maji, na kunywea mdomoni, huku Sinzinkayo akimtazama kama mtu anayeona mto ukipanda mlima. Maji hayakutosha, akaongeza chai. Chai haikutosha, akaongeza sukari. Alikojoa kama mtoto mchanga. Nguo zikaanza kumning'inia. Miguu ilimchezacheza kama imekaliwa na sisimizi, halafu siku moja sisimizi wakaondoka, na pamoja nao ukaondoka mchanga: alitembea juu yake bila kuusikia, kama anatembea juu ya godoro la mtu mwingine.

Na asubuhi moja upepo mwembamba ulishuka kutoka milimani. Gloriose aliuhisi ukimpita shingoni. Alisikia vinyweleo vya mikono vikisimama. Jino halikusema kitu.

Alilipapasa kwa ulimi. Alichukua maji baridi akayaweka upande wa kushoto, akayashikilia humo. Kimya. Aliweka sukari moja kwa moja ndani ya shimo. Kimya, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama bila kuaga.

Mtu mwingine angeshukuru. Gloriose aliangalia mstari ule kwenye mchanga, uliochorwa kwa kijiti. Ikiwa jino halipo, kiwanja ni cha nani?

Kwa hiyo akaanza kudanganya. Alipoona wingu alipiga kelele, "Inauma!" Alipoona kivuli cha wingu alipiga kelele. Alipiga kelele hata pale ndege mkubwa alipopita kwenye jua. Bamama walifunika ndagala mbichi chini ya jua kali, ndagala zikavunda, nzi wakaja kutoka mbali kama walioalikwa harusini. Akaona ameharibu. Akaamua kunyamaza kidogo ili jino lisionekane limechanganyikiwa. Ndipo mvua ikashuka kwa nguvu zake zote na kuwakuta wakisukana nywele.

Ndagala za pwani nzima zikawa uji.

Mkutano uliitishwa hapohapo, kwenye matope. Mama Émilienne hakuketi.

"Konseye iko?"

Gloriose alifungua kinywa. Bamama walichungulia.

"Iko," alisema akikifunga. "Lakini haisemi."

"Haisemi namna gani?"

"Haisemi, Mama Prezida. Imenyamaza. Na mi niliogopa kuwaambia."

Minong'ono ilizunguka. Ketsia akasimama, mikono kiunoni.

"Ba Mboko bamenunua ile jino! Mi niliona na macho yangu, mama mumoja wa Mboko anamupa Gloriose muwa!"

"Nilikula muwa, Ketsia. Sikuuzisha jino."

"Unajua aje? Pengine we ulikuwa unatafuna, na jino ilikuwa inasaini!"

Hoja hiyo ilionekana nzito, ikajadiliwa kwa muda mrefu. Wengine walisema jino limechoka na linastahili likizo. Mama mmoja wa kanisani alisema limepona kwa maombi, akataka kuimba, akaombwa asubiri. Mwishowe Mama Émilienne aliinua mkono.

"Ile jino ilikuwa inachukia nini?"

"Baridi na sukari," bamama waliitikia. Kila mtu alijua.

"Baridi inaleta Mungu. Sukari tuko nayo. Basi tuichokoze, mpaka ikasirike."

Uamuzi ulipita bila mpinzani. Kuanzia siku hiyo kila mama alileta alichoweza: miwa iliyokwisha kumenywa, biskuti, mandazi yaliyochovywa kwenye asali, soda nyekundu kutoka kwenye friji ya duka. Walimkalisha Gloriose juu ya ndoo iliyopinduliwa, wakamzunguka, na kila alipomeza wote waliinama kumtazama usoni.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo, Mama Prezida. Ni tamu tu."

"Mupatie ingine."

Gloriose alikunywa. Alikunywa kwa ajili ya kiwanja. Na ubaya ni kwamba, kwa ile kiu yake, kila chupa ilikuwa kama rehema. Lakini kiu haikupungua, iliongezeka. Macho yakaanza kuweka ukungu. Siku moja alionekana akigeuza mchanga kwa uangalifu mkubwa, akidhani ni samaki. Kesho yake aliketi chini katikati ya ndagala zake, akashindwa kusimama.

Komite nzima ilimpeleka kituo cha afya. Mbele walipita wawili wakimshika mabega, nyuma wengine wakibeba soda zilizobaki, maana hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba matibabu yalikatizwa njiani.

Munganga, yaani daktari, wa meno aliitwa Isidore, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alishangaa kuona mgonjwa mmoja ameletwa na watu wa kutosha kuangusha mti.

"Karibuni, bamama. Nani anaumwa na jino?"

"Hakuna muntu, munganga," alijibu Mama Émilienne. "Njo shida yenyewe."

"Shida gani?"

"Haiumi."

Isidore alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Munataka niitoe?"

"Hapana!" walipaza sauti pamoja. "Tunataka irudi kuuma!"

Katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. Alimlaza Gloriose kwenye kiti, akachungulia. Akagusa jino kwa pamba yenye baridi kali. Gloriose alimwangalia tu kwa adabu. Akaligonga kwa mpini wa kioo chake kidogo. Gloriose akauliza kama ameshaanza. Chini ya jino, kwenye ufizi, palikuwa na kipele. Alipokibonyeza usaha ulitoka, na mwenye kinywa hakujua.

"Mama, unasikia kiu?"

"Nani alikuambia?"

"Na unakojoa sana? Na nguo zinakupwaya?"

Gloriose alimgeukia Mama Émilienne kwa hofu. "Huyu ni munganga ao ni nabii?"

Isidore alichukua sindano. Alimdunga kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Kimashine kilifikiri kidogo, kisha badala ya namba kikaandika herufi tu. Sukari ilikuwa juu mno, kimeshindwa kuihesabu.

Aliwaketisha bamama wote sakafuni. Kwenye dirisha palikuwa na kokwa ya ngazi, ile ya mchikichi ambayo kila mtu wa Fizi amepasua utotoni. Aliishika mbele yao.

"Jino iko kama hii. Inje ni ngumu. Lakini katikati kuna nyama laini, kiini. Iko hai. Ina mishipa ya damu myembamba kama uzi, na mishipa ya kusikia maumivu. Yote inaingilia mulango mumoja mudogo sana, kule chini kwa muzizi. Ile kiini njo ilikuwa inapigia Mama Gloriose kelele."

"Konseye," alinong'ona mama mmoja.

"Sasa, sukari ikijaa ndani ya damu, ikikaa muda murefu, inaharibu mishipa midogo. Inakuwa migumu, inakuwa myembamba, damu inapita kidogo. Kiini inaanza kukosa nguvu ya kupigana na vijidudu. Na kwa jino ya shimo, vijidudu biko tayari kwa mulango. Kama mishipa ya kusikia nayo imelegea, kiini inaweza kufa bila kupiga kelele. Haiko kila muntu mwenye sukari jino yake inakufa. Lakini hii, bamama, haikunyamaza. Ilikufa."

Soda moja ilisikika ikitoa mapovu.

"Na sisi tulikuwa tunaiamsha," alisema Mama Émilienne polepole.

"Na nini?"

Isidore aliona chupa mikononi mwao, zile nyekundu, na biskuti, na muwa uliochungulia kutoka kwenye kitenge cha Ketsia. Alifumba macho kidogo.

"Mama Gloriose," alisema, "vua kandambili."

"Na miguu iko na meno?" aliuliza Ketsia, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Gloriose alivua. Isidore akainua mguu wa kulia, akaugeuzia kwenye mwanga. Ndani ya kisigino, katikati ya kidonda kilichofungua mdomo, palikuwa na kipande cha waya wa kichanja cha samaki. Kilikuwa kimekaa humo muda mrefu, kimeanza kushika kutu. Gloriose alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mgeni na kuambiwa ni mjomba wake.

"Ni mishipa ileile," alisema Isidore. "Jino ilitangulia tu. Tukichelewa, huu muguu tutaukata."

Ketsia aliuinamia mguu. "Muguu nayo... ni ba Mboko?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Gloriose. Alicheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

Alilazwa. Walimpa dawa ya kushusha sukari, wakaosha kidonda kila asubuhi, wakamfundisha kula upya kama mtu aliyezaliwa jana. Sinzinkayo alileta muhogo kidogo na mboga nyingi, akakaa kando ya kitanda akihesabu vidole vya mguu wa mkewe, mara kwa mara, kuhakikisha hakuna aliyetoroka. Jino lilingoja. Isidore alitaka sukari ishuke kwanza, ili akiling'oa kidonda kipone vizuri. Alisema kuna njia ya kusafisha kiini na kulibakisha, lakini vifaa vyake haviko Baraka, na jino lenyewe lilikuwa limebaki ganda.

Mama Émilienne alikuja kumwona akiwa na chupa ya chai. Chai haikuwa na sukari. Walikunywa pamoja, nyuso zimekunjamana, kama wanaadhibiwa kwa kosa moja.

"Mama Prezida," Gloriose aliuliza, akiangalia kikombe. "Kiwanja?"

Mama Émilienne alifunga chupa, akaifungua, akaifunga tena.

"Komite itaikalia kikao," alisema, akaondoka haraka.

Gloriose hakulala vizuri. Mguu ulikuwa unapona, aliuona ukipona. Lakini aliwaza mwenyewe: nitaupeleka wapi?

Siku jino lilipotoka, halikumuuma. Isidore alilifunga kwenye pamba akamkabidhi. Nje ya mlango komite ilikuwa imeshajipanga, vitenge vya msiba vimefungwa vichwani. Mama Émilienne alipokea pamba kwa mikono miwili.

Wakaenda ziwani. Mikeka ilikuwa imetandikwa kando ya vichanja, chai imechemka, chungu kama majuto. Walikuwa wanafanya matanga. Mama wa kanisani aliimba, safari hii bila kuzuiwa. Mama Émilienne alisimama kutoa wasifu wa marehemu: alizaliwa Burundi, alihudumu Baraka, hakuwahi kudanganya mvua, ameacha pengo.

Pengo lilikuwa kinywani mwa Gloriose, na wote waligeuka kulitazama kwa heshima.

Walichimba shimo dogo katikati ya kile kiwanja, wakaweka pamba, wakafukia, wakaweka jiwe. Kisha wakabaki wakilitazama, maana sasa ilibidi neno lisemwe. Mama mmoja alikohoa. Alikuwa na binti aliyeolewa karibuni, naye hakuwa na mahali pa kuanika.

"Kiwanja ilikuwa ya jino," alisema. "Na jino imekufa. Mi nasema tu."

Gloriose aliinamisha kichwa. Alianza kutafuta kandambili zake kwa vidole vya mguu.

Ketsia akasimama. Mikono kiunoni, kama kawaida yake.

"We! Marehemu iko na kaburi hapa ao haiko?"

"Iko."

"Na ndugu yake ni nani? Ni we? Ni binti yako? Ile jino ilikuwa na ndugu mumoja tu kwa Kongo yote, anakaa pale, anatafuta kandambili. We unataka kuanika ndagala juu ya mufu ya bantu, na mwenye msiba unamufukuza? Kwenu munafanyaka hivyo?"

Yule mama alisema hapana, kwao hawafanyi hivyo.

"Basi."

Mama Émilienne alitazama kaburi, akamtazama Gloriose. "Mwenye msiba anakaa na mufu yake," alisema. "Komite imekaa, imekwisha." Na akajimiminia chai nyingine, akaikunjia uso kwa furaha.

Gloriose alirudi kazini baada ya kidonda kufunga. Alivaa viatu vilivyofunikwa, akakagua nyayo zake kila jioni, na chai aliinywa kwa pande zote mbili, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kukwepa. Isidore alikuwa amemwonya kwamba miguu huenda isirudi yote; kuna hisi nyingine zikienda zimeenda.

Mwezi uliofuata, asubuhi, jua likiwa limewaka kama sahani ya bati, alikuwa anageuza ndagala huku akisimulia habari ndefu ya shangazi yake. Akakanyaga. Kitu kilimchoma kwenye kisigino, kupitia ngozi mpya: ncha ndogo, kali, ya wazi. Akasimama. Akavua kiatu, akapata kijiwe kidogo mno. Akakirudisha, akakanyaga tena, taratibu, kuhakikisha.

"Inauma," alinong'ona. Kisha akatupa beseni, akanyoosha mikono juu, akapiga kelele kwa pwani nzima: "Inauma! Bamama! Inauma!"

Hawakumwacha amalize. Ndoo zilipinduka. Ketsia aliruka kichanja. Mama Émilienne, na mwili wake wote, alikimbia akiburuta shitingi kama anaokoa mtoto motoni, na kufumba na kufumbua kila ndagala ya Baraka ilikuwa imefunikwa, kila pembe imekandamizwa kwa jiwe.

Wakaketi juu ya ndoo zao, wakihema, wakaangalia juu. Mbingu ilikuwa buluu kutoka rasi ya Ubwari mpaka milima ya Fizi.

"Ni muguu," alisema Gloriose, akicheka, akilia, akionyesha kisigino. "Mama Prezida, ni muguu tu. Nimeusikia!"

Mama Émilienne aliangalia kisigino. Akaangalia mbingu. Akavuta pembe ya shitingi vizuri zaidi.

"Ni mupya kwa kazi," alisema. "Tuipatie muda."

Na wakakaa pale, jua likiwachoma, wakingoja mvua.